Mkwe Wangu, Geuka Ukutani

Sehemu ya nne

Kwa wewe uliyefungia viatu gazeti la wiki jana kabla hujalisoma, pole sana, lakini siwezi kurudia yote. Shika haya tu.

Mimi ni fundi wa kuchonga funguo. Wenzangu wananiita Funguo. Nilianza gitaa ukubwani, na ugonjwa wowote ukikupata ukubwani unakukamata vibaya. Nikajiunga na Chama cha Kabatini: watu wazima, wenye kazi zao na heshima zao, ambao wakirudi nyumbani wanajifungia kabatini kurekodi magitaa.

Ndiyo, kabatini. Nguo zinanyonya mwangwi. Ukipiga gitaa katikati ya makoti, sauti inatoka safi utadhani uko studio. Usicheke. Jaribu.

Kila mwezi tunashindana, kirafiki tu. Mwenyekiti wetu, ambaye ni kinyozi, anatutumia mdundo mmoja, wa ngoma na besi basi. Kila mtu anapiga solo yake juu ya mdundo ule, anamrudishia. Kinyozi anafuta majina yetu, anatupa majina ya mboga ili tusipendeleane, halafu tunakutana kwake tunasikiliza na kupiga kura.

Shindano la kwanza nilituma solo ambayo gitaa lake halikuwa limetyuniwa. La pili nilisahau kuwasha maiki, wakasikiliza mdundo mtupu mwanzo mpaka mwisho, na mtu mmoja akasema, "Huyu Kabichi ana adabu sana, hamkatishi mtu." La tatu nilipata kura moja. Nilijipigia mwenyewe.

Wiki jana niliishia pale mama mkwe wangu alipoletwa kwetu baada ya kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho. Daktari alimkataza kuinama, kubeba vitu, kutazama televisheni, na kulia. Akapewa chumba cha wageni. Chumba chenye kabati langu. Kabati lenye gitaa langu, kompyuta yangu na furaha yangu yote duniani.

Na mtu mwenye akili timamu haingii chumbani kwa mama mkwe. Hata kama kuna moto, unaita kwanza.

Basi nilirekodi kwa kuvizia. Mama alipopelekwa na jirani kliniki kubadilishiwa bandeji, nikaingia, nikapiga solo yangu mara moja tu, mara nikasikia mke wangu sebuleni, "Toka huko, wanashuka kwenye teksi!" Nikatoka mbio. Nikaacha kompyuta inawaka na ufunguo unaning'inia kwenye kitasa cha kabati. Nani angemshuku mama mkwe mwenye jicho moja?

Kesho yake, mama akiwa bafuni, nikapenya chumbani, nikabonyeza tuma, nikatoka. Sikusikiliza.

Chama chetu kina sheria moja tu, imebandikwa juu ya kioo cha kinyozi: SIKILIZA KABLA YA KUTUMA.

Haya, sasa tuko pamoja. Twende kinyozini.

Tulikuwa tumekaa, mwingine kwenye kiti cha kunyolea, wengine kwenye benchi, wateja wamefukuzwa. Karoti akapita. Kitunguu akapita, vidole vinakimbia lakini haviendi popote. Biringanya akapita, na kila mtu akajua Biringanya ni Fundi Friji, kwa sababu Fundi Friji alikuwa anatingisha kichwa akijisifu mwenyewe. Yeye ndiye bingwa wetu wa siku zote.

"Sasa Bamia," akasema Kinyozi.

Jamani.

Bamia hakukimbia. Aliuacha mdundo ukatangulia kidogo, kama mtu anayejua basi litamngoja, halafu akaingia na noti moja. Moja tu. Akaishikilia mpaka ikaanza kuniuma mimi. Kisha akateremka nayo polepole, akacheka, akapanda tena, na kila alipokata kona kulikuwa na kisauti kidogo nyuma, cheng', kama kengele ya mbali.

Fundi Friji aliacha kutingisha kichwa.

Solo ikaisha. Kinyozi alikuwa ameshika kitana bila kujua anakishikia nini.

"Rudia," nikasema mimi. Mimi! Wa kwanza! "Rudia Bamia."

Tukarudia. Nikapiga kura yangu kwa Bamia kwa mikono miwili, na safari hii sikujipendelea, nawaapia; hata nilisahau kwamba yangu bado haijapigwa. Nilikuwa najiuliza huyu Bamia ni nani, analala wapi, na kwa nini hatupi masomo.

"Kura zote kwa Bamia," akasema Kinyozi. "Hata za mahasimu. Haijawahi kutokea." Akafungua simu kuangalia jina. Akaiangalia tena. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Bamia ni Funguo."

Nikageuka nyuma kumtafuta huyo Funguo mwingine.

"Wewe!" akapiga kelele Kinyozi. "Wewe bwana! Ulikuwa unatuchezea shere miezi yote hii?"

Nikafungua mdomo. Nawaambia ukweli wa Mungu, nilifungua mdomo niseme, "Hii si mimi." Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno.

Fundi Friji akanikumbatia. Lile jitu lote, na mikono yake inayonuka gesi ya friji. Akanibana, na nikasikia shingo yangu inalowa.

"Funguo," akasema, "nilikuwa nakudharau. Nisamehe ndugu yangu. Ile noti ya kwanza imenikumbusha mama yangu."

Sasa niambie. Mtu analia shingoni mwako kwa ajili ya mama yake, wewe utamwambia nini?

Nilinyamaza. Ndiyo kosa langu la wiki hii, limeanzia hapo, na ninaliungama mbele yenu.

Wakanipa Chujio la Dhahabu. Ni chujio la chai, la kawaida, ambalo Kinyozi alilivika soksi ndefu ya kike enzi zile, akawa analiweka mbele ya maiki ili mate yasiruke. Lilipochakaa akalipaka rangi ya dhahabu likawa kombe. Anayeshinda analipeleka kwake mwezi mzima. Nimelitamani chujio lile kuliko nilivyowahi kutamani gari.

"Na kesho Jumapili," akasema Kinyozi akinipiga mgongoni, "tunazuru kabati!"

Nikalibana chujio kwapani.

Kuzuru kabati ni desturi yetu. Chama kizima kinaenda kwa mshindi kuona mahali sauti ilipozaliwa. Mshindi anaingia kabatini, anafunga mlango, anapiga solo ile ile moja kwa moja, na wenzake wako nje wanasikiliza kwenye spika. Asipoiweza, chujio linarudi, na jina lake linabaki kuwa mboga mpaka kufa.

"Karibuni," nikasema. Ulimi hauna mfupa.

Nilirudi nyumbani nimelificha chujio ndani ya shati. Nikakaa jikoni na hedifoni, nikasikiliza Bamia kwenye simu mpaka sikio likawa la moto.

Mikono haikuwa yangu. Hilo sikuhitaji mpelelezi. Lakini gitaa lilikuwa langu, naujua ule waya wake wa tatu unaokoroma. Na nyuma ya gitaa, mbali, nikasikia mlango wa friji yetu ukigoma kufunga. Mtu alipiga hii nyumbani kwangu, kabatini kwangu, baada yangu, na kompyuta ikafuta ya kwanza, ikaweka ya mwisho. Nami nikaituma bila kusikiliza.

Nani? Nyumbani tuko watatu.

Nikamwangalia mke wangu. Ni mkunga. Havai pete wala saa siku ya kazi, anasema mtoto anapotoka hahitaji kukutana na vito. Na ile cheng' ilikuwa ya chuma kugonga mbao.

"Mke wangu," nikasema, "umewahi kupiga gitaa?"

"Nimewahi kutaka kulichoma. Inatosha?"

Akabaki mmoja. Nikacheka peke yangu. Haiwezekani! Mama mkwe? Mama mkwe ambaye asubuhi ya kwanza tu alisema, "Gitaa ni kazi ya watu wasiotaka kulala kwao"? Mama mkwe ambaye nikitaja neno waya anaguna?

Tukakaa mezani kula. Mama mkwe, bandeji jichoni, kanga imetulia mabegani, akanyoosha mkono kuchukua chumvi. Anavaa bangili mbili za shaba tangu ujanani; siku hizi anasema ni kwa ajili ya maumivu ya viungo.

Bangili zikagonga meza. Cheng'.

Nilipaliwa na maji mpaka yakatoka puani. Mke wangu akanipiga mgongoni kwa ufundi wa kikunga, na mama mkwe akaniangalia kwa lile jicho moja, akaendelea kutia chumvi.

Mke wangu alipoenda kuoga akaniagiza taulo, nami nikasimama nje ya mlango wa chumba cha wageni, mgongo umegeukia mlango kama inavyotakiwa.

"Hodi mama."

"Karibu, ila usiingie."

"Shikamoo."

"Marahaba baba."

"Mama, samahani sana. Hivi kuna mtu amechezea gitaa langu?"

"Gitaa halichezewi. Linapigwa." Bangili zikalia. "Anayelichezea ni wewe."

Nikasogea mlangoni, kinyumenyume.

"Uliingia umechelewa," akaendelea yule mama, sauti ya upole kabisa, ya mtu anayetoa maelekezo ya mboga. "Halafu ukaona umechelewa ukaanza kukimbia. Unamkimbilia nani? Mlipotoka jioni ile nikakaa, nikaona kidude kinawaka, nikakibonyeza, nikakusikia. Nikasema, masikini, huyu mtoto wa watu watamcheka. Basi nikatafuta kile chekundu cha kurekodi."

"Mama. Umejifunzia wapi?"

Nikasikia kitanda kinalia, amekaa.

"Bendi ya dansi," akasema. "Wanaume saba na mimi. Nilikuwa mpiga solo. Walikuwa wananiita Dawa."

"Dawa?"

"Walikuwa wakisema mwenye homa akinisikia anapona. Waongo tu, lakini ukumbi ulikuwa unajaa." Akacheka, na sijawahi kumsikia mama mkwe akicheka. Kilikuwa kicheko cha msichana. "Nikapata mimba ya mkeo. Nikaliweka gitaa chini. Hakuna aliyenilazimisha, usije ukasema nililazimishwa. Mikono ilikuwa miwili na mtoto alitaka yote."

"Mbona mke wangu hajui?"

"Na hatajua." Kicheko kikaisha. "Nimwambie nini? Kwamba kuna kitu nilikipenda hivyo, nikakiweka chini ili nimbebe yeye? Atajiona mzigo. Namjua mwanangu, ni mkali usoni, ndani ni maji matupu. Ndiyo maana nikawa naponda magitaa. Kitu ukikiponda kila siku, hakuna anayekuuliza kama ulikipenda."

Nilitaka kulia, nikakumbuka niko koridoni na taulo la mke wangu mkononi.

"Mama, basi kesho nitawarudishia chujio lao. Nitasema ukweli."

"Chujio gani?"

Nikamweleza. Kura zote. Noti ya kwanza. Kesho kuzuru kabati. Fundi Friji na mama yake.

"Alilia?" akauliza.

"Shingo yote imelowa."

"Yule ndiye bingwa wao?"

"Ndiye."

"Alisemaje? Rudia. Maneno yenyewe."

Nikarudia. Akanitaka nirudie na ya Kinyozi na kitana. Nikarudia. Nikasikia anapiga makofi madogo madogo, peke yake mle ndani, na bangili zinaitikia.

"Usirudishe chujio," akasema. "Ukirudisha watauliza ni nani. Watakuja waniangalie, na mwanangu atauliza wanaangalia nini. Mkeo kesho ana zamu?"

"Asubuhi mpaka jioni."

"Basi waje. Kabati lina nafasi."

"Mama, nafasi ya nini?"

"Ya wawili."

Enyi wasomaji, kama kuna neno la aibu ya kukaa na mama mkwe kabatini, sitaki kulijua. Lakini nisiwadanganye: nilikataa mara moja tu, tena kwa sauti ndogo. Mama alitaka watu wamsikie mara moja tena kabla mikono haijaisha. Na mimi nilitaka chujio. Kila mtu na njaa yake.

Jumapili mke wangu akaenda kazini. Akaniacha na onyo moja, "Mama asipandishiwe sauti, asibebeshwe kitu, asilizwe." Nikasema, "Ondoa shaka."

Chama kikaja chote. Viatu vilijaa mlangoni utadhani kuna matanga. Nikawaambia mama mkwe amekwenda kliniki, na ndiyo maana tunaweza kuingia chumbani kwake. Mama mkwe wakati huo alikuwa ameshaketi kabatini, juu ya sanduku, katikati ya makoti ya mwanawe, gitaa mapajani.

"Ndiyo hili!" akasema Kinyozi akilipapasa kabati. "Mwone alivyo mnyenyekevu. Kabati la mbao za kawaida!"

"Na waya unapita chini ya mlango," akasema Fundi Friji, amepiga magoti. "Spika mezani. Safi. Ingia bwana, usitucheleweshe."

Nikaufungua mlango kidogo, nikajipenyeza ubavu ubavu, nikauvuta. Kitasa kikajifunga, tak. Ni kitasa nilichokitengeneza mwenyewe, kwa sababu mlango ule ulikuwa unajifungua katikati ya solo. Kinajifunga chenyewe, na bila ufunguo hakifunguki hata ukiwa ndani. Ufunguo, ambao huwa naingia nao, ukabaki nje.

Giza. Harufu ya dawa ya nondo na ya mafuta ya kuchua.

"Mkwe wangu," akanong'ona mama, "geuka ukutani."

Nikageuka. Uso kwenye koti la mvua. Akavua bangili zake, akaniwekea mkononi, "Hizi zitanisema." Nikawasha maiki. Taa yake nyekundu ikawaka. Nje Kinyozi akaachia mdundo.

Mama akapiga.

Siwezi kuwaeleza. Mgongo wangu ulikuwa umemwelekea na vinyweleo vyote vya mgongo vilisimama, sikujua hata kama ninavyo. Nilikuwa nacheka kimya kimya, koti la mvua mdomoni, machozi yananitoka, kwa raha tupu.

Ilipoisha nje palikuwa kama uwanja wa mpira. Halafu sauti ya Fundi Friji ikakata makofi.

"Ngoja. Ngojeni jamani. Mbona haina ile cheng'?"

Mtu akasogea kabatini.

"Kweli," akasema Kinyozi. "Ile cheng' ya kila kona."

"Ile ndiyo ilinimaliza mimi," akasema Fundi Friji. "Noti ni hizi hizi, lakini ile ilikuwa na cheng'. Funguo! Hii si ile!"

"Ni ile!" nikapiga kelele kabatini.

"Tuletee cheng'! Kama ni mikono yako, cheng' itakuja!"

Wakaanza kupiga makofi. "Cheng'! Cheng'! Cheng'!" Watu wazima!

Mdundo ukaanza upya. Mama akapiga, na mimi, mume wa mtu, fundi wa funguo, nikajaribu kugonga bangili kwenye ukuta wa kabati kila alipokata kona. Nikagonga kabla ya kona. Nikagonga baada ya kona. Nikagonga pasipo kona yoyote.

"Lete!" akasema mama kwa hasira.

Spika nje ikasema, LETE.

"Nani amesema lete?" akauliza Kinyozi.

"Mimi!" nikajibu kwa sauti nyembamba. "Najiambia! Lete raha!"

"Leteeee!" wakaitikia wote kwa furaha, na mama akaninyang'anya bangili zake, akazivaa, akaanza tena. Safari hii hakuishia pale mdundo unapoishia. Mdundo ulikwisha, yeye akaendelea peke yake, akaingia kwenye kitu kingine kabisa, kiwimbo kidogo cha polepole, cha kubembeleza, na bangili zinaitikia kila kona. Cheng'. Cheng'.

Ndipo nikasikia mlango wa mbele.

"Nani hawa?" Ilikuwa sauti ya mke wangu. "Viatu vya nani hivi?"

Mama akasimamisha mkono hewani.

"Shemeji!" akasema Fundi Friji. "Karibu, karibu! Njoo umsikie mumeo anavyotuua!"

"Wodi imelala leo, nimeruhusiwa mapema," akasema mke wangu, sauti inakaribia. "Mama yuko wapi?"

"Kliniki, mumeo ametuambia."

"Kliniki gani Jumapili?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu haikufika hata koridoni.

Nikasikia hatua zake zinakuja mpaka mbele ya kabati. Zikasimama. Kati yetu kulikuwa na ubao tu, na mkono wake nikausikia umegusa ufunguo.

"Nilikuwa naingia pale nje," akasema polepole, "nikasikia bangili."

Mama akazishika bangili zisilie.

"Bangili zile nimelala nazo sikioni mpaka nikaanza shule. Na ule wimbo." Akagonga ubao. "Mume wangu. Humo ndani mko wangapi?"

"Shemeji, yuko peke yake," akasema Kinyozi. "Ni msanii."

"Kaka, mimi ni mkunga. Kuuliza waliomo ndani wako wangapi ndiyo kazi yangu, na sibahatishi. Mume wangu, nakuuliza wewe. Mficha uchi hazai."

Nikafikiri haraka. Nikisema mmoja, chujio ni langu, siri ya mama imepona, na nimemdanganya mke wangu mchana kweupe mbele ya watu. Nikisema wawili, nimemvunja mama aliyeniamini, na nimekutwa kabatini na mkwe. Chujio likanitoka moyoni palepale, nawaambieni, kama halikuwahi kuwa la dhahabu. Kilichobaki ni huyu mama mmoja ndani na yule binti yake nje.

Mama akanishika bega. Akaniinamia sikioni, yeye aliyekatazwa kuinama.

"Sema mmoja," akanong'ona. "Nakuomba mwanangu, nakuomba sana. Akijua niliweka gitaa chini ili nimbebe yeye, atajiona mzigo maisha yake yote."

Na kutoka upande wa pili wa mlango, juu ya meza, kwa sauti kubwa na safi kabisa isiyo na mwangwi hata kidogo, nikasikia: maisha yake yote.

Nikaangalia chini. Ile taa nyekundu.

Shindano la pili nilisahau kuwasha maiki. Leo nilikuwa nimesahau kuizima.

Nikasikia friji yetu ikihangaika na mlango wake.

Kisha nikasikia ufunguo unazunguka. Haukuzunguka upande wa kufungua. Ukachomolewa, kama kusema msitoke bado. Halafu mtu akateleza na mlango mpaka chini, akakaa sakafuni, mgongo wake ukiegemea kabati letu.

"Mama," akasema mke wangu. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kusikia sauti ile. "Nakusikia."

Mama mkwe akaitazama taa nyekundu kwa lile jicho lake moja. Akaitazama muda mrefu. Nikanyoosha kidole kuizima, akaupiga mkono wangu.

"Mkwe wangu," akasema, wazi, bila kunong'ona tena, "geuka ukutani."

Nikageuka, uso kwenye koti la mvua. Nyuma yangu bangili zikalia, cheng', na sikujua kama amelishika gitaa, au anafuta lile jicho ambalo daktari alilikataza machozi.